Kikomo cha Moshi Huwekwa Nyumbani

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi magharibi mwa Marekani hukutana nalo kila kiangazi: safari ya kupiga kambi porini, mbali na barabara, katika msimu ambao misitu inawaka. Tangu mwaka 2016 mji wa Missoula, uliomo bondeni katika jimbo la Montana, umekuwa ukipokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, na watoto wa familia hizo wanakulia mahali ambapo kubeba hema mgongoni na kwenda kulala milimani ni starehe ya kawaida ya majirani zao. Mwaliko unafika: twende siku nne, tubebe chakula, tukalale kando ya ziwa. Watu huuliza kuhusu dubu, mvua, viatu na uzito wa mzigo. Wachache huuliza kuhusu moshi, na wengi wao huuliza wakiwa wameshafika, macho yameshaanza kuwasha. Hoja yangu leo ni moja. Uamuzi kuhusu moshi ufanywe nyumbani, kwa namba na kwa maandishi, kabla mtu hajafunga mzigo. Ukishafika mlimani anayeamua si wewe tena. Zinaamua fedha ulizokwisha kutoa, likizo uliyoibembeleza kazini, na aibu ya kurudi kabla ya wakati.

Tuanze na kalenda, maana mzizi wa jambo uko hapo. Katika milima mirefu ya Montana theluji huziba njia za juu mpaka mwishoni mwa Juni, na miaka mingine Julai huingia bado ipo. Septemba ikiisha, baridi kali hurudi. Mpiga kambi anabakiwa na wiki chache za Julai, Agosti na mwanzo wa Septemba, na wiki hizo ndizo nyasi zimekauka, misonobari imekosa maji, na radi hupiga pasipo mvua ya kutosha kuzima inachokiwasha. Msimu wa kambi na msimu wa moto ni msimu mmoja. Tena, vibali vya kulala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier huanza kuombwa mwezi Machi, theluji ikiwa bado imejaa, na hakuna mtaalamu awezaye kukuambia mwezi Machi moshi utakuwa bonde gani tarehe 20 Agosti. Jirani na hifadhi hiyo liko pori la Bob Marshall, lenye zaidi ya hekta 400,000 zisizo na barabara hata moja. Humo moto wa radi mara nyingine huachwa uwake chini ya uangalizi, kwa kuwa wanaosimamia misitu wanajua kwamba miti ile imeishi na moto tangu kale, na kwamba kuuzima kila unapozuka hulimbikiza kuni za moto mkubwa zaidi wa baadaye. Sera hiyo ina sababu nzito, nami siipingi. Ila kwa mpiga kambi maana yake ni kwamba moshi si mkosi unaomwangukia mtu mmoja kwa bahati mbaya. Ni hali ya msimu, na hali ya msimu hupangiwa.

Ushahidi wa kile moshi unachoweza kufanya uko mpakani mwa pori hilohilo. Tarehe 24 Julai 2017 radi iliwasha moto milimani juu ya mji mdogo wa Seeley Lake. Moto huo, uliopewa jina la Rice Ridge, uliunguza takriban hekta 65,000. Mji wenyewe haukuungua, lakini hewa yake iliharibika. Tunapozungumzia ubaya wa moshi tunazungumzia hasa chembe laini zisizozidi mikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, ambazo hupita puani na kooni zisikamatwe, zikazama mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa mita ya ujazo ya hewa. Seeley Lake, kwa siku 49 kuanzia mwanzo wa Agosti, wastani ulikuwa kama 220. Idara ya afya iliwashauri wakazi waondoke kwa sababu ya hewa peke yake. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana waliwapima mapafu baadhi ya wakazi. Mara tu baada ya moshi, kama mmoja kati ya kumi alikuwa na mapafu yanayofanya kazi chini ya kiwango cha kawaida. Mwaka mmoja baadaye, moshi umeshaondoka zamani, walikuwa wamekaribia nusu ya waliopimwa. Ni kweli kwamba kundi hilo lilikuwa dogo, watu wasiofika 100, na ni kweli kwamba mpiga kambi wa siku nne hakai moshini wiki saba. Sitaki kumtisha mtu kwa kulinganisha visivyolingana. Ninachokichukua hapo ni hiki: madhara ya moshi hayaonekani yote siku ile unayokohoa. Anayesema “nitajua mwenyewe nikizidiwa” anategemea dalili ambazo huja zimechelewa.

Sasa tazama ushauri unaotolewa moshi unapoingia mjini. Kaa ndani. Funga madirisha. Washa mashine ya kuchuja hewa. Acha kazi nzito. Kila neno la ushauri huo linadai kitu ambacho mpiga kambi hana. Hana ndani ya kuingia. Hema ni kitambaa kilichoshonwa kipitishe hewa, ili pumzi za waliolala zisigeuke maji juu ya vichwa vyao, na baada ya dakika chache hewa ya ndani ni ileile ya nje. Kazi nzito nayo ndiyo safari yenyewe. Mtu aliyetulia kitini huvuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, lakini anayepanda mlima na kilo 15 mgongoni anaweza kupita lita 40. Namba ileile iliyoandikwa kwenye simu, kwake ni dozi kubwa mara tano au zaidi. Kisha kuna mwinuko. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani, kwa hiyo mwili tayari unahema ukitafuta oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, pumzi inakatika: hizo ni dalili za mwinuko, na zote zinaweza kuwa dalili za moshi. Kiongozi wa kundi hawezi kuzitenganisha kwa kutazama uso wa mtu. Barakoa ya aina ya N95 ni msaada wa kweli, kwani ikibana uso sawasawa huzuia angalau asilimia 95 ya chembe. Lakini ndevu huiachia upenyo, kupanda mlima ukiwa umeivaa ni taabu, huwezi kula nayo, wala haizuii gesi kama kaboni monoksaidi. Kile kitambaa kilicholoweshwa maji ambacho wengi hukiamini hakizuii chembe laini. Barakoa ibebwe, ila iwe ya kukutoa moshini, isiwe ya kukuingiza.

Moshi una tabia zake za mchana na za usiku, na asiyezijua hupiga hema mahali pabaya kuliko pote. Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda, na moshi huinuliwa ukatawanyika. Usiku mambo hugeuka. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka vilimani kuelekea bondeni ikiburuta moshi pamoja nayo, halafu hewa ya joto hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi hubaki humo mpaka jua lipande na kuufunua, saa nne au saa tano za asubuhi, na siku nyingine saa sita. Seeley Lake, asubuhi fulani za mwaka 2017, kipimo kilifika mikrogramu 1,000, ambayo ndiyo mwisho wa mashine yenyewe. Na kambi zetu tunapiga wapi? Karibu na maji, kwenye ziwa au mto, yaani chini kabisa ya bonde. Kundi linafika saa kumi jioni, kilele cha ng’ambo kinaonekana, hewa nyepesi, watu wanafurahi na kutandika mahema kando ya maji. Saa nane za usiku mmoja anaamka koo limekauka, anawasha tochi, na mwanga unasimama hatua chache mbele kama umegonga ukuta wa kijivu. Hakuna moto mpya uliowaka. Moshi umeshuka kulala walipolala wao. Kwa hiyo katika msimu wa moto ni afadhali kulala kwenye tambarare iliyo juu kidogo ya bonde, hata kama maji yatachotwa mbali, mradi pasiwe uti wa mlima unaopigwa na radi. Hapa kanuni mbili za mlimani hugongana. Tunafundishwa tuanze safari alfajiri ili tuvuke njia za juu kabla ya radi za alasiri, lakini alfajiri ndiyo saa ya moshi mzito bondeni. Mgongano huo hausuluhishwi na watu walioamka na vichwa vinavyouma. Usuluhishwe mezani, ramani ikiwa wazi.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika jambo hili macho peke yake hudanganya. Tarehe 9 Septemba 2020 watu wa San Francisco waliamka anga ikiwa ya rangi ya chungwa, taa za barabarani zikiwaka mchana. Picha zilizunguka dunia nzima, na kila aliyeziona aliamini hapumuliki. Kumbe sehemu kubwa ya moshi ule ilikuwa juu, hewa ya bahari ikiwa imelala chini yake, na hewa waliyoivuta watu siku ile ilikuwa nafuu kuliko ya siku zilizofuata, ambapo anga ilirudia rangi ya kawaida zaidi huku moshi ukishuka mpaka mitaani. Ndiyo maana tunahitaji vipimo. Shirika la mazingira la Marekani na idara ya misitu ya nchi hiyo huendesha ramani ya moto na moshi inayounganisha vituo rasmi na vipimo vidogo vya majumbani. Wataalamu wa hali ya hewa wa shirika la Marekani la NOAA nao wana utabiri wa moshi uitwao HRRR-Smoke, unaofika saa 48 mbele. Utabiri huo hutoa picha mbili, moja ya moshi ulio karibu na ardhi, nyingine ya moshi wa anga nzima kutoka chini hadi juu, na anayesoma picha ya pili akidhani ni ya kwanza ataahirisha safari njema au atakwenda kwenye safari mbaya. Ndani ya pori hakuna kituo. Kilicho karibu zaidi pengine kiko upande wa pili wa safu ya milima. Hapo macho hurudi kazini, safari hii kwa kanuni. Chagua mlima au kilima ambacho ramani imekuambia kiko umbali gani, kitazame jua likiwa nyuma yako. Usipoweza kuona kilomita 8, hewa hiyo ni mbaya kwa watoto, wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kifua au moyo. Usipoweza kuona hata kilomita moja na nusu, ni mbaya kwa kila mtu.

Kikomo chenyewe kiwe nini basi? Kipimo cha ubora wa hewa cha Marekani huanzia 0 na kufika 500: kijani mpaka 50, njano mpaka 100, rangi ya chungwa mpaka 150, nyekundu mpaka 200, zambarau mpaka 300, na juu ya hapo damu ya mzee. Mamlaka huwaonya wenye afya dhaifu kuanzia 101, na kila mtu kuanzia 151. Lakini namba hizo zimewekwa kwa ajili ya umma mzima, wengi wao wakiwa na nyumba ya kuingia. Kwa anayepanda na mzigo pasipo na nyumba, naona mstari ushuke ngazi moja. Kundi la watu wazima wenye afya lisiondoke ikiwa utabiri wa mahali pa kuanzia au pa kulala unapita 100. Kundi lenye mtoto, mzee, mjamzito au mwenye pumu liweke mstari wake chini ya hapo, baada ya kuongea na daktari, kwa sababu kikomo cha kundi hufuata mapafu dhaifu kuliko yote yaliyomo. Wakiwa njiani, dalili zikionyesha kwamba 150 imepita, waanze kutoka siku hiyohiyo, wasingoje kesho. Nyakati za kuamua ziwe tatu: siku saba kabla, kutazama mioto inayowaka na upepo unaelekea wapi, siku mbili kabla, kusoma utabiri wa moshi, na kila asubuhi njiani. Mtu mmoja abaki nyumbani na kazi ya kutuma namba hizo asubuhi na jioni kwa kifaa cha ujumbe wa setilaiti, akijua wenzake wako wapi na njia gani wataifuata. Yote haya yaandikwe na kila mmoja ayakubali. Karatasi haioni haya kusema turudi.

Mpaka hapa nimezungumzia moshi kama sumu ya mapafu. Una kazi ya pili mbaya zaidi, nayo ni kuficha moto. Palipo na moshi mzito kwa siku tatu, hakuna atakayetambua moshi mpya wa moto ulio bonde la pili, na helikopta ya uokoaji haiwezi kutua pale rubani asipoona ardhi. Tarehe 2 Septemba 2017, Eagle Creek katika jimbo la Oregon, kijana mmoja alirusha fataki kwenye korongo kavu. Watu kama 150 waliokuwa wamekwenda matembezi ya siku moja walikatiwa njia ya kurudi, wakalala porini bila vifaa, na asubuhi wakatolewa kwa njia ndefu ya upande mwingine. Walipona kwa sababu njia hiyo ya pili ilikuwepo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Septemba 2020, moto wa Creek huko Sierra Nevada, California, uliziba barabara ya kutokea kwenye bwawa la Mammoth Pool wakati wa mapumziko ya sikukuu. Wapiga kambi zaidi ya 200 waliokolewa usiku ule kwa helikopta za jeshi la jimbo zilizoruka ndani ya moshi mzito. Mtu asijenge mpango wake juu ya ushujaa wa namna hiyo. Safari ya msimu wa moto iwe na njia mbili za kutoka, zinazoelekea pande tofauti, na kila siku kundi lijue liko umbali wa saa ngapi kutoka kila njia.

Wapo watakaosema kwamba upepo hubadilika, leo moshi kesho anga safi, kwa nini kuvunja safari kwa jambo la kupita? Ni kweli upepo hubadilika, na ndiyo sababu ya hoja yangu. Utabiri unafika saa 48, safari ni ya siku nne au saba, na aliyetembea siku mbili kuingia ana siku mbili za kutoka. Akikutwa na moshi katikati, upepo uliobadilika ndio uliomkuta. Wengine watasema moto uko mbali. Juni 2023 moshi wa misitu ya Quebec, nchini Kanada, ulifika New York na kuigeuza hewa ya jiji lile kuwa miongoni mwa mbaya kuliko zote duniani siku hiyo, umbali wa mamia ya kilomita kutoka motoni. Umbali wa moto hukulinda na miali, haukulindi na moshi.

Pingamizi linalosikika zaidi kwetu sisi ni jingine: tumekulia jikoni kwenye mafiga matatu, bibi zetu walipika kwa kuni miaka yote, moshi wa siku nne utatufanya nini? Nalijibu kwa heshima, kwa kuwa linatoka kwenye maisha ya kweli. Lakini ukweli wa maisha hayo ni mchungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kuni, mkaa na mafuta ya taa, huua kama watu milioni tatu kila mwaka, na mzigo mkubwa wa madhara yake huwaangukia wanawake na watoto. Bibi hakuwa amezoea moshi. Alikuwa akiuvumilia, na wengi wa rika lake walikohoa mpaka mwisho bila mtu kuuliza sababu. Mwili hauna chanjo ya moshi. Aliyevuta mwingi utotoni ana sababu zaidi ya kujiepusha nao ukubwani. Kwa familia iliyohama nchi na kuanza upya, yenye mtoto ambaye shuleni ameambiwa ana pumu, mazoea ya zamani yasitumike kumnyima mtoto huyo hewa.

Pingamizi la fedha ni zito kuliko haya. Kibali kimelipiwa, likizo imetolewa, gari limekodiwa. Siwezi kumwambia mfanyakazi wa zamu kwamba fedha si kitu. Ninachosema ni kwamba hasara hupunguzwa siku ya kupanga, haipunguzwi siku ya kuondoka. Chagua tangu mwanzo safari mbili, ya kwanza na ya akiba, na ya akiba isiwe kwenye bonde jirani litakalojaa moshi uleule. Upepo wa sehemu zile huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo moto wa Idaho hushusha mzigo wake Montana, wakati ufukwe wa Pasifiki katika jimbo la Washington, kwenye Hifadhi ya Olympic, mara nyingi hupata hewa safi ya bahari. Pori la Bob Marshall halidai kibali cha kulala, hivyo tarehe zake husogezwa bila faini. Hifadhi ya Glacier huacha sehemu ya vibali kwa wanaofika wenyewe. Anayeweza kwenda mapema Julai atakuta mbu wengi, mito iliyojaa na mabaka ya theluji, lakini kwa kawaida moshi ni mdogo kuliko wa Agosti. Hakuna mwezi wenye dhamana, kwani moto wa Camp Fire uliouangamiza mji wa Paradise huko California na kuua watu 85 uliwaka tarehe 8 Novemba 2018. Kinachotafutwa ni kuongeza uwezekano wa hewa safi na kupunguza gharama ya kubadili nia.

Kuna pia wanaoishi kwa safari hizi: waongozaji, wenye farasi wa kubeba mizigo, nyumba za wageni za miji midogo. Wao husema kila safari inayovunjwa ni chakula cha mtoto wao. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nasema safari isogezwe kuliko kufutwa, na kanuni za kurejesha au kuhamisha malipo zitangazwe mapema ili mteja asilazimike kuchagua kati ya kifua chake na akiba yake. Ila tusisahau kwamba mgeni huvuta moshi siku nne, naye mwongozaji huuvuta msimu mzima, kundi baada ya kundi. Kikomo kilichoandikwa humlinda yeye kwanza, maana ndiye mwenye sauti ndogo ya kusema leo hatuendi.

Neno hili linarudi mpaka nyumbani Afrika Mashariki. Kwenye Mlima Kilimanjaro miezi ya kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, ndiyo miezi ya wageni wengi, na Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la uoto wa mlima ule kwa siku nyingi. Taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, zilisema ulianzia eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, kwa watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena. Katika mlima wa mita 5,895, ambako kileleni kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya Tanga au Mombasa, mpagazi mwenye kilo 20 kichwani ndiye anayehema kuliko wote. Kampuni inayopanga safari za Oktoba pasipo kusema itafanya nini moshi ukitanda imeacha jambo hilo liamuliwe na mtu asiye na nafasi ya kukataa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujaomba kibali cha kiangazi kijacho, kaa na wenzako uandike mambo manne: namba ambayo ikipita hamtaondoka, namba ambayo ikipita mtatoka, njia mbili za kutokea, na jina la mtu wa nyumbani atakayewatumia vipimo. Mkiwa na mtoto mwenye pumu, namba zake ndizo namba za kundi zima. Siku ikifika na namba imepita, nendeni safari ya akiba au bakini nyumbani, na asilaumiwe mtu, kwa sababu mlikwisha kukubaliana.